Naomba ushauri: boriti yenye maegemeo matatu inanitoa jasho

Habari wakuu. Swali lenyewe: boriti ya mita 6 imeegemezwa nchani, A na B. Mzigo wa kN (kilonewton) 12 uko mita 2 kutoka A. Hapo sina shida: momenti (nguvu × umbali) kwenye A inanipa B kN 4, kwa hiyo A inabeba kN 8.

Kasheshe ni kipengele (b): wameongeza nguzo C katikati kabisa. Nguvu za maegemeo nisizozijua sasa ni tatu, milinganyo yenye kazi miwili tu (jumla ya nguvu na momenti). Jamaa yangu kasema gawa sawa, kN 4 kila moja. Nikapiga momenti kwenye A: 4×3 + 4×6 = 36, wakati mzigo unatoa 24. Imegoma!

Nasikia mtu hutumia sharti kwamba boriti haibonyei pale C. Naanzia wapi? Mtihani Jumatatu.