Ruzuku ya kupima afya kazini: tupokee au tuache?

Mleta uzi: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi umenikata. Kikundi chetu ni cha wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Tuliandika andiko la kupima damu zetu na udongo wa mtaa, tumepata mfadhili. Jibu linatakiwa Ijumaa na wanachama wamegawanyika. Tufanyeje?

Fundi Mkongwe: Usajili mnao? Sisi hatukuwa nao, fedha zikapitia shirika lililosajiliwa. Kila malipo tulisubiri wiki tatu, vijana wakakata tamaa wakatawanyika. Bado inaniuma.

Mama Wawili: Mimi ya fedha siyajui, ninajua nguo. Vumbi la risasi, yale madini ya kwenye betri, linaingia nyumbani na nguo za kazi, na mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama. Ogeni hukohuko kazini kabla ya kumbeba mtoto.

Karani: Mleta uzi, mfadhili ni nani? Mbona hilo umeliruka?

Mleta uzi: Ni mwenye kiwanda. Majibu yaende kwake kwanza, na tusitangaze chochote bila kibali chake. Lakini wagonjwa tunao leo! Mfadhili mwingine atatuzungusha mwaka mzima. Na mimi kama mwenyekiti nimeshasaini.

Karani: Kumbe umekuja kutafuta baraka. Majibu ya damu ni ya mwenye damu. Tangu 2022 Shirika la Kazi Duniani limeweka usalama na afya kazini kati ya haki za msingi. Kuwapima ni wajibu wa mwenye kiwanda, msikuite ruzuku.

Jicho Kavu: Hii chai. Mwajiri gani agharamie ushahidi wa kumfunga mwenyewe?

Fundi Mkongwe: Wapo. Anagharamia ili aukalie.

Mleta uzi: Natamani ingekuwa chai. Mwenzangu wa tanuru kiganja kimelegea, hata kijiko hakishiki. Ndiye aliyeniambia nisaini.

Jicho Kavu: Samahani, ndugu yangu.

Karani: Katiba yenu inataka saini ngapi?

Mleta uzi: Tatu. Mweka hazina na katibu bado.

Karani: Basi wasisaini. Itisheni mkutano kesho, muhtasari uandikwe: kila mtu akabidhiwe majibu yake mkononi, na sharti la kibali lifutwe. Mwenye kiwanda akikataa, barua yake itunzeni.

Mama Wawili: Na huyo wa kiganja aende hospitali leo, aseme anafanya kazi na risasi. Mkutano asiusubiri.