Upimaji wa miR156 kwenye Arabidopsis: mbona haishuki mmea ukikua?

Chipukizi22:
Wakuu, nafuatilia Arabidopsis (mmea mdogo wa utafiti, aina ya kawaida ya maabara iitwayo Col-0) tangu mche hadi kutoa maua, mwanga saa 16 kwa siku, nyuzi 22. Inajulikana kwamba miR156 (RNA ndogo inayozima jeni nyingine) huwa nyingi kwenye mche, kisha hupungua huku miR172, RNA ndogo nyingine, ikipanda. Kwenye vipimo vyangu miR156 iko pale pale. RNA natoa kwa kolamu ya kawaida, cDNA (nakala ya DNA ya hiyo RNA) natengeneza kwa oligo-dT, kipande cha DNA kinachoshika mkia wa RNA. Sampuli ni mmea mzima bila mizizi, na miche inaota kwenye agari yenye sukari 1%. Tatizo liko wapi?

PrimaFupi:
Mkuu, anza na hiyo oligo-dT. miR156 iliyokomaa ina nyukliotidi 20 tu, haina mkia wa poly-A (mfululizo wa herufi A), kwa hiyo oligo-dT haina pa kushika. Ukiona namba zozote, zinatoka kwenye RNA ndefu ambayo kimeng'enya DCL1 hakijaikata kuwa miR156.

Tumia prima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) yenye kitanzi, ambayo nyukliotidi 6 za mwisho zinajishika kwenye ncha ya 3′ ya miR156. Mashine, kwa kunakili RNA kuwa cDNA: 16°C dakika 30, mizunguko 60 ya 30°C sekunde 30, 42°C sekunde 30, 50°C sekunde 1, kisha 85°C dakika 5 kuua kimeng'enya. Angalia hapa: ncha hiyo, GAGCAC, iko vile vile kwenye miR157, RNA ndogo inayofanana nayo. Kinachozitenganisha ni prima ya mbele kwenye PCR (hatua ya kuzidisha DNA ili ipimwe), basi ichague kwa makini. Ulinganisho fanya na U6 (RNA ndogo inayotumika kama kigezo), yenye prima yake.

Kolamu nazo: nyingi zimetengenezwa kushika RNA inayozidi nyukliotidi 200. Ndogo zinapita na kumwagwa. Tumia TRIzol (kimiminika cha kutolea RNA), izamishe RNA kwa isopropanoli usiku kucha kwenye −20°C, osha kwa ethanoli 80%. LiCl (kloridi ya lithi) achana nayo kabisa, maana RNA ndogo hazizami, zinabaki kwenye maji ya juu unayoyatupa.

Jani_la_Tano:
Hata ukirekebisha hayo, mmea mzima utakudanganya. Majani mawili ya kwanza yana miR156 nyingi kuliko yanayofuata, na bado yapo kwenye sampuli yako wakati mmea unakaribia maua. Unapima mchanganyiko wa umri. Chukua ncha ya shina pamoja na vijani vichanga, au jani la namba ile ile likiwa na ukubwa ule ule, saa ile ile ya siku.

Na sukari iondoe. Sukari yenyewe hushusha miR156. Ilionyeshwa mwaka 2013. Mche wa kwenye agari yenye sukari unaweza kuwa umeshashuka kabla hujaanza kuvuna, halafu ukaona mstari ulionyooka.

Kipimo cha bure: geuza jani utazame upande wa chini kwa lenzi. Majani ya utotoni hayana vinyweleo huko. Lile la kwanza kuvionyesha ndilo la kulinganisha na namba zako za PCR.

Chipukizi22:
Asanteni sana. Na mimea iliyoongezewa miR156 (kwa 35S, swichi inayowasha jeni muda wote)? Mbona kwenye siku ndefu inatoa maua bila kuchelewa sana?

PrimaFupi:
Kwa sababu njia ya urefu wa siku bado inafanya kazi. miR156 huzima jeni za SPL, zinazosukuma mmea ukomae. Ikipungua, SPL9 huamsha miR172, nayo huzuia jeni kama AP2 na TOE1 zinazoibana FT, jeni inayoanzisha maua. Lakini siku zikiwa ndefu, CO, jeni inayofuata urefu wa siku, huiwasha FT hata SPL zikiwa chini. Irudie kwenye saa 8 za mwanga, hapo uchelewaji utauona waziwazi.

Jani_la_Tano:
Na usihesabu majani peke yake. Mimea hiyo hutoa majani haraka kuliko Col-0, hivyo idadi inakuza uchelewaji. Andika pia siku tangu kuota hadi shina la maua kufika sentimita 1, na uwe na mimea ya MIM156 (ambayo miR156 yake imezuiwa kufanya kazi) pembeni: hiyo inatakiwa iwahi.