Naomba ushauri: dawa imepandisha chembe nyeupe za kaka yangu, familia inataka tuisimamishe

Binti wa Pangani

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote. Ninaandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, hapa Dar es Salaam, na jambo ninaloomba ushauri wenu litaamuliwa katika kikao cha familia kesho saa nne asubuhi.

Kaka yangu ana umri wa miaka 34. Alianza kwa kutokwa damu kwenye fizi, nasi tukalaumu mswaki mgumu. Siku chache baadaye mapaja yake yakajaa mavilio meusi ilhali hakujigonga popote, na asubuhi moja wifi yangu akakuta foronya imekaukiana na damu. Zahanati ya kwanza ilimtibu malaria kwa sindano za makalio, na mahali sindano ilipoingia pakavimba kiasi cha ngumi. Tulipofika hospitali kubwa, daktari aliangalia damu yake kwa darubini, akarudi kwa mwendo wa haraka, akatueleza kwamba anashuku lukemia kali ya promielositi, yaani aina ya saratani ya damu, na kwamba hatasubiri majibu ya kipimo cha jeni ndipo aanze dawa. Usiku uleule kaka alimeza vidonge laini vya tretinoini, njano upande mmoja na kahawia upande wa pili: vinne asubuhi na vinne jioni, baada ya chakula. Majibu ya jeni yalipothibitisha ugonjwa, akaongezewa dripu ya aseniki.

Sasa ndipo penye mkanganyiko. Siku alipolazwa, chembe nyeupe za damu zilikuwa 2,900. Leo, ikiwa ni siku ya saba, zimefika 24,000. Tangu jana jioni ana homa, miguu imevimba, uzito umeongezeka kilo 4, na akilala chali anahema kwa shida hadi tumemwekea mito mitatu. Baba mkubwa amekwishasema kwamba dawa hii inaulisha ugonjwa, tena aliposikia neno aseniki alisimama, kwa sababu yeye anaijua kuwa ni sumu. Anataka tusaini tumtoe, tumpeleke nyumbani. Mimi sina hoja ya kumjibu mzee wangu. Je, tuisimamishe dawa?

Mtu wa Maabara, Mwanza

Pole sana, dada. Kabla hujasoma neno jingine, inuka uende kwa muuguzi wa zamu sasa hivi. Mtajie mambo manne kwa pamoja: homa, kuhema kwa shida, kuvimba miguu na kilo 4 zilizoongezeka ndani ya wiki moja. Kikao cha kesho kisitangulie jambo hili.

Hali hiyo inajulikana vizuri kwa wagonjwa wanaotumia dawa hizi na huitwa sindromu ya upevukaji. Chembe zinazopevuka kwa pamoja hutoa kemikali zinazofanya mishipa midogo ivujishe maji, nayo maji huingia mapafuni na miguuni. Inaweza kuua ikipuuzwa, lakini ina dawa, ambayo ni deksamethasoni miligramu 10 mshipani mara mbili kwa siku, na madaktari huianza kwa kushuku tu, bila kusubiri uhakika. Mgonjwa aliyezidiwa sana husitishiwa tretinoini au aseniki kwa muda, kisha akarudishiwa akitulia. Huo ni uamuzi wa daktari aliye kitandani pake, na ni tofauti kabisa na kumtoa hospitali.

Mwalimu wa Baiolojia

Nakubaliana na aliyenitangulia, na kama umekwishakwenda kwa muuguzi, basi nikupe hoja ya kumpelekea baba mkubwa.

Saratani nyingi tunazozijua hutibiwa kwa dawa za kuua chembe. Ugonjwa wa kaka yako una kasoro ya namna yake. Katika uloto, yaani ute ulio ndani ya mifupa, chembe nyeupe huzaliwa changa, zikapevuka hatua kwa hatua, zikafanya kazi yake siku chache, kisha zikafa. Kwa mgonjwa huyu, kipande cha kromosomu ya 15 kimebadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 17, jambo ambalo Janet Rowley na wenzake walilibaini huko Chicago mwaka 1977. Jeni mbili zikaungana, zikazaa protini moja ya ajabu inayokaa juu ya jeni za upevukaji na kuzifunga. Chembe zinabaki promielositi, yaani chembe changa zilizokwama njiani. Hazikui, hazifi kwa wakati wake, na zinaongezeka. Nikisema kwa lugha ya kwetu, ni kama wari waliofungiwa kumbini, na mwenye ufunguo amekwenda zake.

Nusu moja ya protini hiyo ni kipokezi kinachosubiri ishara itokanayo na vitamini A. Kiasi cha kawaida kilichomo mwilini hakitoshi kukiamsha, lakini tretinoini, ambayo ni asidi ya vitamini A kwa kipimo kikubwa, hukiamsha, na jeni zilizofungwa zikafunguka. Aseniki hushika nusu ya pili na kusababisha protini nzima ivunjwevunjwe. Dawa mbili zinaikamata protini moja kwa ncha zake mbili, na sijui mfano mwingine katika tiba ya saratani unaonigusa kama huu.

Kwa hiyo zile 24,000 zisomwe kwa namna nyingine. Wari wanatoka kumbini kwa mkupuo na kuingia kwenye damu. Zaidi ya hapo, kundi la hatari hupangwa kwa hesabu ya siku ya kwanza, na kaka yako aliingia akiwa na 2,900, chini kabisa ya mpaka wa 10,000. Kwa kundi hilo, utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya waliopewa tretinoini na aseniki pasipo kemo ya kawaida, asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 86 ya waliopewa tretinoini pamoja na kemo.

Ugonjwa huu ulipoelezwa mara ya kwanza na Leif Hillestad wa Norway mwaka 1957, wagonjwa walikufa ndani ya wiki chache, kwa kutokwa damu. Baba mkubwa alijue hilo pia, maana huko nyumbani anakotaka kumpeleka ndiko ugonjwa utakakorudi kwenye tabia yake ya mwaka 1957.

Mkulima wa Lushoto

Poleni. Kama dawa yenyewe inatokana na vitamini A, mimi ningeshauri mgonjwa apewe juisi ya karoti kwa wingi pamoja na mafuta ya ini la samaki, ili mwili usaidiwe bila kemikali za hospitali.

Mfamasia, Moshi

Ndugu yangu wa Lushoto, najua umesema kwa nia njema, lakini naomba dada asilifuate hilo. Karoti kwenye mlo ni chakula tu, haina neno. Vidonge vya vitamini A na mafuta ya ini la samaki havibadiliki kuwa tretinoini kwa kiwango cha kutibu, ila vinaweza kujumlishana nayo na kuleta sumu: kichwa kuuma sana, kutapika, na shinikizo kupanda ndani ya fuvu.

Kuhusu aseniki, baba mkubwa hajakosea kwamba ni sumu, na ningependa aambiwe hivyo kwa heshima. Kinachotofautisha ni kipimo. Mgonjwa hupewa miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 9 kwa siku kwa mtu wa kilo 60, ikiwa imesafishwa na inapitishwa polepole kwenye mshipa. Asili yake ni Harbin, China, ambako daktari Zhang Tingdong na wenzake waliichambua dawa ya kienyeji katika miaka ya 1970 wakagundua kwamba aseniki ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Tretinoini nayo ilitumiwa kwa ugonjwa huu na Wang Zhenyi mjini Shanghai, mwaka 1985, kwa mtoto wa kike wa miaka 5. Shirika la Afya Duniani limeiweka tretinoini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015 na aseniki mwaka 2019. Ninayataja haya ili mzee aone kwamba dawa hizi zimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia kijana wake. Asije mtu yeyote akamtafutia aseniki ya mtaani.

Aspirini na diklofenaki asiguse. Sindano za makalio zisirudiwe hadi damu yake iweze kuganda.

Aliyepona, Nairobi

Dada, mimi niliugua ugonjwa huohuo, na siku ya tisa nilihema kama kaka yako. Nakumbuka nilikuwa nahesabu vigae vya dari ili nisifikirie pumzi. Deksamethasoni ilipoanza, kufikia usiku wa pili niliweza kulala na mto mmoja.

Shika mambo mawili. La kwanza ni damu, kwa sababu wengi wanaopotea kwenye ugonjwa huu hupotea siku za mwanzo kwa kuvuja damu, hasa ubongoni, wakati dawa bado inafanya kazi yake. Uliza kila siku chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) ni ngapi na fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) ni ngapi, na andaa wachangiaji mapema, kwa maana chembe sahani hazihifadhiki kwa siku nyingi. Kichwa kikimuuma ghafla au akianza kuongea ovyo, usingoje raundi ya asubuhi.

La pili ni moyo. Aseniki huvuruga umeme wa moyo, kwa hiyo mgonjwa hupimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mara kwa mara, na potasiamu na magnesiamu hazitakiwi kushuka. Wakati mmoja dripu yangu ilisimamishwa siku mbili kwa sababu potasiamu ilikuwa chini. Nililia nikidhani nimeachwa, kumbe nilikuwa nalindwa.

Akiruhusiwa, mjiandae kwa safari ndefu: mimi nilikwenda kuwekewa dripu siku tano kwa wiki, wiki nne mfululizo, kisha wiki nne za kupumzika, na mzunguko huo ukarudiwa mara nne. Nauli peke yake ni mzigo. Kikao cha kesho kingefaa kizungumzie nauli.

Mtoto wa Mama Salma

Samahani kwa kuingilia. Mama yangu ana saratani ya titi. Je, dawa za kupevusha chembe zinaweza kumfaa badala ya kemo?

Mwalimu wa Baiolojia

Ugua pole kwa mama. Kwa sasa hapana, na asiache matibabu yake akizisubiri. Lukemia hii ina kufuli moja lenye ufunguo unaojulikana, wakati uvimbe wa titi hubeba mabadiliko mengi kwa pamoja. Njia hii imepanuka kidogo: watoto wenye neuroblastoma kali, saratani ya chembe changa za neva, hupewa isotretinoini, dawa ya jamii ya tretinoini, baada ya tiba nzito, na baadhi ya lukemia zenye kasoro katika jeni za IDH zina vidonge vyake tangu mwaka 2017 na 2018, navyo huweza kuleta sindromu ileile ya upevukaji.

Binti wa Pangani

Ndugu zangu, nimerudi, ni saa tisa usiku. Nilimwamsha muuguzi, naye akamwita daktari. Walimpiga picha ya kifua, ikaonekana mapafu yana maji. Amepewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza maji, na vidonge vya haidroksiyurea vya kushusha chembe nyeupe. Yuko kwenye oksijeni. Daktari amesema tretinoini na aseniki zinaendelea kwa sasa, na ataziangalia upya asubuhi.

Nimempigia baba mkubwa na kumsomea maelezo ya mwalimu, neno kwa neno. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza hao wari wakishatoka wote kumbini, ni nani atakayehakikisha mlango haufungwi tena. Sikuwa na jibu, nikamsomea ya ndugu yetu wa Nairobi kuhusu mizunguko minne ya dripu. Akaniambia kikao kitafanyika hapahapa hospitalini, baada ya vijana wawili wa shangazi kuchangia damu. Kama kuna mwanajamvi aliye karibu na anaweza kuchangia chembe sahani, naomba aniandikie faragha.