Siku tatu Milano: tule wapi?

Binti wa Kibosho: Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, habari za leo. Mwezi wa tisa mimi na mume wangu tutakuwa Milano kwa siku tatu. Chakula cha Kiitaliano tumekionja huku nyumbani, pizza na tambi zaidi, lakini tungependa kula wanachokula wenyeji bila kumaliza posho yote kwa mlo mmoja. Mume wangu hali nguruwe. Mliowahi kufika huko, mnatuelekeza wapi?

Mkulima wa Mabogini: Dada, kosa letu sisi lilikuwa kuketi kwenye mgahawa unaotazama kanisa kuu, Duomo, ambako tuliletewa tambi zilizopoa na ankara iliyokuwa na ada ya kukaa mezani, wenyewe huiita coperto. Ada hiyo si wizi, maana migahawa mingi huitoza kwa kila kichwa na huiandika kwenye orodha ya vyakula. Kilichoniuma ni zile tambi. Piteni Galleria Vittorio Emanuele II, jumba la maduka lililozinduliwa mwaka 1867, mtazame paa lake la vioo, kisha mkale kwingine. Pembeni mwa kanisa, mtaa wa Santa Radegonda, wapo Luini, wauzaji wa panzerotti, mfano wa sambusa kubwa ya unga laini yenye jibini na nyanya ndani. Mtakula mkiwa mmesimama.

Mlo wa kukaa nendeni Antica Trattoria della Pesa, iliyoanza mwaka 1880, mkaagize risotto alla milanese. Mimi niliyekulia kwenye majaruba nilidhani wali naujua. Huu haukaushwi: mchele wa punje nene hukaangwa kwa siagi na kitunguu, ukaongezwa supu upawa kwa upawa huku ukikorogwa, kisha zafarani na, kwa mapishi ya jadi, uboho wa ng'ombe. Ukitua kwenye sahani hutandaa wenyewe, ilhali kila punje ina kiini kigumu kidogo. Mke wangu aliuita bokoboko la dhahabu, akamaliza wake na nusu ya wangu.

Mpishi wa Njiro: Kuhusu nguruwe, chungeni tambi kuliko wali, kwani carbonara na amatriciana hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe. Risotto hiyo kwa kawaida hutiwa divai nyeupe, kama hilo nalo linamhusu. Cotoletta ya Milano ni nyama ya ndama iliyokaangwa kwa siagi. Mwambieni mhudumu «senza maiale», yaani bila nguruwe.

Msafiri wa Sakina: Naongeza la saa tu. Majiko mengi hufungwa kama saa nane na nusu mchana, na hayawashwi tena hadi saa moja na nusu usiku. Mimi nilifika saa kumi nikaambulia biskuti. Kahawa inyweni mkiwa mmesimama kaunta, kwa sababu mkiketi bei hupanda.

Binti wa Kibosho: Ahsanteni sana. Mkulima, meza ya hapo Pesa tuihifadhi mapema au tunaingia tu?

Mkulima wa Mabogini: Hifadhini, hasa ya usiku.