Naombeni ushauri: lenzi ya 50mm f/1.8 ya kupigia picha za watu

Picha_Safi: Wakuu, naiwazia 50mm f/1.8 ya mkono wa pili, bei yake rafiki. Nataka uso utoke vizuri, nyuma pafifie. Inafaa, au nitajuta?

Fundi_Lenzi: Inafaa. Kwenye sensa ya DX, ile ndogo ya Nikon, inaona kama 75mm, na ukisimama mita moja na nusu pua haivimbi. Ila kwa f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kinachotoka kikali ni kama sentimita 6 tu: jicho limekaa, sikio limepotea. Anzia f/2.8, tundu dogo zaidi. Kamera gani?

Bi_Mwanga: Jifunze mwanga kwanza, mdogo wangu. Mtu akae ubavuni mwa dirisha, mita tatu toka ukutani. Hata lenzi iliyokuja na kamera itafifisha nyuma ukiivuta hadi 55mm.

Picha_Safi: Mwanga nauelewa, dada. Nauliza lenzi.

Fundi_Lenzi: Nimeuliza kamera gani. Na lenzi ni D, toleo la zamani, au G, la baadaye?

Picha_Safi: Nikon D3300. Lenzi ni D, lakini safi, na nusu ya hela nimeshatoa.

Fundi_Lenzi: Tatizo ndilo hilo. D haina mota ya kufokasi, husubiri mota ya kwenye bodi ya kamera, na D3300 hiyo mota haina. Otofokasi, yaani kamera kufokasi yenyewe, hupati. AF-S 50mm f/1.8G ina mota yake.

Picha_Safi: Nitafokasi kwa mkono, mbona watu wanapiga hivyo. Kinachonitisha ni kamera kuandika fEE, ujumbe wa kosa.

Jicho_Kali: Subirini. fEE huioni mpaka lenzi iwe kwenye kamera. Mleta mada "anaiwazia" na huku anayo? Hii chai.

Picha_Safi: Si chai. Muuzaji kaniachia niijaribu, kesho namalizia hela au namrudishia.

Fundi_Lenzi: fEE si ubovu. Zungusha pete ya apacha (tundu la lenzi) hadi 22, yenye rangi ya chungwa, ufunge kwa kitufe kilicho pembeni yake. Kisha ivue, umulike tochi toka nyuma: nyuzinyuzi ndani ni fangasi, irudishe. Sukuma kile kijiti cha nyuma uachie. Mapanga ya apacha yakijifunga kwa kusuasua, yameingia mafuta. Fokasi ya mkono, tumia laivu viu (kutazama kwenye skrini), kuza jicho ndipo uzungushe. Unapiga nani?

Picha_Safi: Watoto, kwenye sherehe.

Fundi_Lenzi: Rudisha. Mtoto akiinama kidogo tu ameshatoka kwenye fokasi, nawe bado unazungusha pete. Muulize kama ana G, umwongezee.