Koili ya tatu ya hita ya maji imeungua ndani ya miezi 14, maji ya Dodoma yananimaliza. Naombeni ushauri

Mama Pacha
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, hata wa kunigombeza nitaupokea.

Tulihamia Dodoma kikazi tukitokea Dar. Kule tulitumia maji ya Ruvu na hita ilikaa miaka sita bila kuguswa. Huku, ndani ya miezi 14, koili tatu zimekwenda. Ya mwisho ni Jumatatu alfajiri: nilisikia mlio kama wa bisi zinazopasuka, mara breka ikakata. Fundi alipofungua, koili yenyewe huioni, imevaa magamba meupe mazito kuliko kidole changu. Jagi la umeme chini limekuwa sakafu ya chokaa. Mashine ya kufulia nayo imeanza kukoroma.

Baridi hii ya Julai, na pacha wana miezi saba. Ninunue hita nyingine au nifunge shawa ya umeme?

Mgogo wa Ilazo
Karibu Dodoma dada. Maji ya visima vya Mzakwe hayo, yametoka chini na madini yake. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Bukoba, akabandika maharage saa tatu asubuhi. Saa nane mchana bado yanagonga meno. Akamlaumu muuza duka kwamba kamuuzia ya mwaka juzi. Jirani akaleta magadi kidogo, yakaiva. Tangu siku hiyo akija anabeba maharage na magadi yake.

Shangazi Mpole
Sisi tulikuzwa kwa maji ya sufuria, na hakuna aliyeunguza koili. Wanangu, mnajaza nyumba vyombo vya umeme halafu mnalaumu maji. Washa jiko, chemsha, waogeshe watoto.

Nyumbani Meru
Afadhali nyie, sisi huku Arusha ni meno. Mdogo wangu ana meno ya kahawia tangu utotoni. Maji haya yanadhuru jamani.

Fundi Mzee
Meru, yako ni floraidi, habari nyingine kabisa. Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ugumu wa maji ni kalsiamu na magnesiamu, na hauna kikomo cha kiafya. Ukizidi miligramu 180 kwa lita tunayaita magumu sana. Kuyanywa hakuna neno, kazi ni kwenye vyombo: yakipata moto, chokaa inajitenga na kung'ang'ania koili. Koili ikishavaa koti hilo, joto linakosa pa kutokea, inajiunguza yenyewe.

Mama Pacha, nijibu mawili. Hita ni yako? Na hizo mara mbili za mwanzo ilisafishwa na nini?

Mama Pacha
Asante fundi. Ilisafishwa na dawa ya fundi wangu. Mimi nauliza tu, hita au shawa?

Fundi Mzee
Dawa gani, dada? Na la hita hujajibu.

Mama Pacha
Haya, naeleza. Nyumba tumepanga. Hita ni ya mwenye nyumba na hajui lolote, hata koili ya kwanza sikumwambia. Fundi alimimina maji ya betri ndani, yakatoa povu jingi, akasema imepona. Sasa ameniambia dawa ya kudumu ni sumaku ya kufunga kwenye bomba, laki nne na nusu, nami nimeshatanguliza laki mbili.

Kabla hamjanishambulia: fundi huyu hakuniacha hata usiku wa manane, na wateja wake wanamsifu. Kumwambia mwenye nyumba ni kujitafutia notisi, na mwenye pacha hapati nyumba kirahisi.

Macho Mawili
Nilijua. Hili ni tangazo la sumaku. Akaunti ya juzi, bei imetajwa, kilichobaki ni namba ya simu. Mimi niko hapa Dodoma, mtaa wa Kisasa, miaka minne, maji ni hayo hayo, nimebadilisha koili MOJA. Tatu kwa miezi 14 ni hadithi ya kutunga.

Mgogo wa Ilazo
Mkuu, tangazo gani linamwaga maji ya betri kwenye hita ya watu?

Mama Pacha
Kaka, sina cha kuuza. Magamba ninayo hapa kwenye kopo la maziwa, limejaa. Nikilitikisa linalia kama mawe.

Fundi Mzee
Macho Mawili, umesaidia bila kujua. Wewe hita unaiweka nyuzi ngapi?

Macho Mawili
50. Nawasha asubuhi nusu saa, basi.

Mama Pacha
Mimi imekaa mwisho kabisa, usiku na mchana. Pacha hawana saa ya kuoga.

Fundi Mzee
Hapo sasa. Maji yakizidi moto, chokaa inashuka kwa kasi. Shusha iwe 60 hivi, zima usiku. Jagi lisafishe kwa siki au unga wa asidi ya limau.

Maji ya betri usirudie. Ile ni asidi ya salfa: ikikutana na chokaa inatengeneza jasi, kama ile wanayochimba Itigi, na haiyeyuki kirahisi. Tena inakula chuma, tangi linaweza kuwa limeshaanza kutoboka. Ndiyo maana nasema mwenye nyumba lazima ajue, kabla halijavuja juu ya dari yake na watoto wako wako chini.

Sumaku haiondoi kalsiamu kwenye maji. Nenda kwa mteja wake mmoja aliyefungiwa, omba uone jagi lake la umeme.

Macho Mawili
Dada, nisamehe kama ni kweli.

Mama Pacha
Yameisha, kaka.

Fundi, nimekwenda leo, kwa mama mmoja Nkuhungu. Sumaku iko bombani tangu Februari. Jagi lake nilipolifunua nilidhani ni langu. Na yeye anasubiri "ianze kufanya kazi".

Nimempigia mwenye nyumba nikamweleza yote, na maji ya betri nimeyataja. Alinyamaza kidogo, akauliza watoto wanaogaje kwa sasa. Anakuja Jumamosi na fundi wake. Wa kwangu, tangu nimwambie nataka laki mbili zangu, hapokei simu.