Viongozi wa chama chetu cha airisi wanajitolea, sawa, lakini wamepoteza mali ya bibi wa watu na kuulizwa hawataki

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Humu kuna watu wa bustani, wengine mko huku Marekani kama mimi, wengine mmewahi kuongoza vikundi huko nyumbani, kwa hiyo mtanielewa hata kama airisi hamjawahi kuishika. Jina la chama sitaji, wala la kanda yake. Wenyewe wanajijua.

Kwa wasioifahamu, airisi ni ua lenye petali tatu zilizosimama na tatu zinazoning'inia, na huku lina watu wake hasa. Chama cha taifa, American Iris Society, kilianzishwa mwaka 1920 pale New York Botanical Garden, na kimeigawa Amerika Kaskazini katika kanda zaidi ya ishirini. Kila kanda ina makamu wa rais wake, chini yake kuna vyama vya miji, na wanaoongoza ngazi hizo hawalipwi. Ndio wanaoandaa maonyesho, wanaofundisha waamuzi, wanaosimamia mauzo ya mwisho wa kiangazi. Kazi yenyewe si ndogo. Nimeona wazee wa miaka sabini na kitu wakipiga magoti kuchimba Julai, jua la saa saba mchana, na jasho lao naliheshimu kwa dhati. Ndiyo maana nilivumilia mengi kabla ya kufungua uzi huu.

Lililonishinda ni la bustani ya bibi mmoja.

Bibi huyu amekuwa mwanachama kabla ya kiongozi yeyote aliyepo sasa. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na matuta ya airisi za zamani, zile ambazo wahifadhi huziita za kihistoria zikishatimiza miaka 30 tangu kutolewa. Alikuwa na 'Honorabile' ya Mfaransa Lémon, ya mwaka 1840. Alikuwa na 'San Francisco', iliyopata Medali ya Dykes (tuzo ya juu kabisa ya airisi) ya kwanza ya Marekani mwaka 1927. Alikuwa na 'Victoria Falls' ya mwaka 1977, ua la buluu lenye baka jeupe kwenye petali za chini, na hiyo ndiyo iliyoniingiza mimi chamani: nilikuwa napita njia, nikaona jina la maporomoko ya kwetu Afrika kwenye kibao, nikagonga mlango kuuliza. Alinikaribisha ndani, akanipa chai, na nikaondoka na tunguu langu la kwanza, yaani kipande cha shina la airisi cha kupanda.

Mwaka huu amehamia kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mimea yote akawapa chama bure, kwa sharti moja tu: majina yasipotee. Na aliwarahisishia kazi. Kila aina ilikuwa na kibao cha zinki, jina limeandikwa kwa penseli, maana wino hufifia kwa jua lakini penseli kwenye zinki inakaa miaka. Juu ya hayo akachora ramani ya matuta yote kwenye daftari, akatoa nakala, akamkabidhi mratibu wa mauzo mkononi. Nilikuwepo.

Siku ya mauzo nafika, nakuta ndoo. Matunguu ya bibi yamekatwa majani kwa umbo la feni kama inavyotakiwa, yameoshwa, kisha yamerundikwa pamoja kwenye ndoo za plastiki. Desturi, na kila mtu pale anaijua, ni kuandika jina kwa makapeni juu ya jani lenyewe kabla tunguu halijaondoka kwenye tuta. Nilipekua jani kwa jani. Hakuna hata herufi. Mbele ya ndoo kuna kadi: mchanganyiko, dola 2. Vibao vya zinki vilikuwa chini ya meza ndani ya boksi la ndizi, vimelaliana na udongo wake. Nilibonyeza tunguu moja kwa kidole gumba, likatoa maji yenye harufu ya kuoza. Ule ni uozo wa bakteria, na unajulikana unavyosambaa: unagawanya mmea mgonjwa, kisha kisu hichohicho unakihamishia kwenye mzima bila kukichovya kwenye maji ya jiki. Hata hilo halikufanyika.

Mtu asiyelima airisi anaweza kusema maua ni maua, yatachanua tu. Hapana. Airisi yenye jina haizalishwi kwa mbegu, kwa sababu mbegu huleta mmea mwingine usiofanana na mama yake. Jina linabebwa na tunguu pekee, yaani lile shina nene linalolala juu ya udongo, ambalo unaligawa kila baada ya miaka mitatu au minne na kumpa mwenzako. Kwa hiyo 'Honorabile' ya kweli iliyopo leo, popote ilipo, ni kipande cha mmea uleule wa 1840 uliopita mkono hadi mkono. Jina likikatika, huwezi kuupeleka mmea kwenye maonyesho kwa jina lake, mzalishaji hawezi kuuandika kama mzazi, na mhifadhi makini hataupokea. Kulirudisha jina ni kazi ya miaka. Lazima usubiri uchanue, na tunguu lililopandwa Agosti huenda Mei inayofuata lisitoe ua hata moja. Kisha ulinganishe petali kwa petali na mimea iliyothibitishwa kwenye bustani kama Presby Memorial kule Montclair, New Jersey, iliyoanzishwa mwaka 1927. Airisi nyingi za enzi hizo zina rangi zinazokaribiana sana, za njano na damu ya mzee au za zambarau juu ya zambarau, na mtu mwenye jicho la kuzitofautisha bila kibao ndiye huyohuyo bibi ambaye sasa hawezi tena kuinama tutani.

Na mimea yenyewe imeshaondoka. Watu walijaza mifuko ya karatasi wakaenda zao, bila hata karatasi ya kuandika nani kachukua nini.

Nilimfuata mratibu. Akaniambia: sisi ni watu wa kujitolea, waliokuja kuchimba walikuwa wawili tu, na wewe ungekuja. Wakuu, ningekuja! Ningekuja na jembe langu, na makapeni yangu, na watoto wangu. Tangazo sikupata. Nikauliza wanachama wenzangu pale mezani, nao hawakupata. Watu waliitwa kwa simu, walewale wanaopigiana simu kila mwaka, na barua pepe ya wanachama wote haikutumwa. Halafu upungufu wa watu tunabebeshwa sisi ambao hatukuitwa.

Bibi alinipigia wiki iliyofuata kuuliza 'Honorabile' yake imechukuliwa na nani, amtumie salamu. Sikujua nimwambie nini. Viongozi ndio waliopaswa kumpigia, na hadi naandika hapa hakuna aliyempigia.

Jibu la "tunajitolea" ndilo unalopewa ukiuliza chochote. Hesabu, kwa mfano. Mweka hazina anasoma salio kwa mdomo mwishoni mwa mkutano, watu wameshavaa makoti, karatasi haigawiwi. Sasa sikilizeni. Sheria ya huku inasema chama kidogo kisichotozwa kodi, chenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka, kitume taarifa fupi mtandaoni kwa mamlaka ya kodi kila mwaka. Ni fomu ya dakika chache na haina ada. Kikiruka miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi unafutika moja kwa moja, na kuurudisha ni maombi mapya na ada juu yake. Taarifa zilizopokelewa ziko wazi, mtu yeyote anaweza kuzitafuta. Nimezitafuta za chama chetu. Miaka miwili ya karibuni haipo. Imebaki mmoja! Nilipouliza nikaambiwa aliyekuwa akiishughulikia alifariki na nywila hakuna anayeijua. Mtu amefariki, tumemzika, Mungu ampumzishe, na kazi yake hakuna aliyeirithi kwa miaka miwili?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tumeona mama zetu kwenye vikoba: kasha lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na mwenyekiti wa kikoba halipwi mshahara. Wapo wasiojua kusoma na hesabu yao inakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Hawa wa kwetu ni wastaafu, wengine walikuwa walimu, mmoja alifanya kazi benki. Uwezo wanao.

Uchaguzi sitausemea sana. Majina yaleyale yanasomwa, mikono inanyooshwa, kwisha. Kuna kijana wa chuo cha kilimo aliyejitolea kupiga picha kila tuta la wanachama na kuzipandisha kwenye Iris Encyclopedia, ile ensaiklopidia ya mtandaoni ya chama cha taifa ambayo mwanachama yeyote anaweza kuichangia. Aliambiwa ataitwa. Mimi nilijitolea kuandika rejista ya mimea kwenye kompyuta, nikaambiwa nitaitwa. Picha zile zingepigwa Mei, wakati bibi bado yuko nyumbani kwake na kila ua limesimama kando ya kibao chake, leo tungekuwa na pa kuanzia. Kisha unafungua jarida la kanda unasoma kilio kwamba vijana hawajitokezi na wageni wanakuja mara moja wanapotea. Hawapotei, wanachoka kusubiri simu.

Sitaki mtu ajiuzulu. Wakiondoka wote kesho chama kinakufa, na mimi nakipenda hiki chama. Ninachotaka ni kwamba nakala ya ramani ya bibi itafutwe mpaka ipatikane, hata kama ni kufungua kila droo. Barua pepe itumwe leo kwa wanachama wote, na tangazo libandikwe pale tulipouzia, kuwaomba walionunua mchanganyiko wautenge kwenye tuta lake, wasiugawe wala kuupa jina la kubahatisha, na Mei watume picha za ua kwa mbele, kwa ubavu, pamoja na bua lote. Taarifa ya kodi itumwe kabla mwaka haujafungwa. Na mtu mmoja, yeyote, ampigie bibi simu amweleze ukweli.

Mkutano ni Septemba. Maswali haya nayapeleka kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, nakala kwa makamu wa rais wa kanda, ili asiwepo wa kusema hakuyaona.

Kwenu naomba mawili. Kama kuna mweka hazina humu aliyewahi kurithi chama bila nywila wala nyaraka, anieleze alianzia wapi na mamlaka ya kodi, maana niko tayari kukaa na huyu wetu na kuijaza fomu pamoja naye. Na walioko Marekani au Kanada wenye 'Honorabile' au 'San Francisco' ya uhakika, yenye kumbukumbu ya ilikotoka, naomba mnitafute inbox. Nataka kipande kidogo tu cha kulinganishia, posta nalipa mimi. Wa Kanada tutaulizana kwanza karatasi za afya ya mimea, maana mpakani hazipiti bila hizo.